Tuhesabu umeme kwa magunia, si kwa eka

MKULIMA wa mpunga wa Igurusi, wilayani Mbarali, ukimuuliza atavuna nini mwaka huu hatakujibu kwa eka. Anaweza kuwa na eka tano, lakini anajua kwamba eka tano katika mwaka wa mvua nzuri hujaza ghala, na eka hizo hizo katika mwaka wa ukame zinaweza kumrudisha nyumbani na madebe machache ya kulia. Atakujibu kwa magunia, na kabla ya kutaja idadi ataangalia kwanza mbingu, kisha mfereji.

Sisi kama Taifa, linapokuja suala la umeme wa miaka ijayo, tumekuwa tukifanya kinyume chake. Tunajibu kwa eka. Kila mpango unaotangazwa hutaja megawati: tutakuwa na megawati kadhaa ifikapo mwaka fulani, mradi huu utaongeza megawati kadhaa. Wananchi tunapiga makofi na kwenda kulala. Ukame ukija, tunashangaa megawati zimekwenda wapi.

Megawati ni ukubwa wa mtambo, yaani shamba. Tunachonunua kwa LUKU ni uniti, yaani mavuno. Mtambo wa maji wenye megawati 200 usipokuwa na maji bado ni wa megawati 200 kwenye vitabu, kama vile shamba lililokauka linavyobaki kuwa la eka tano kwenye hati.

Suala hili ni zito zaidi leo kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita, kwa sababu nchi imerudi kutegemea maji. Na linawagusa wakulima moja kwa moja, kwa sababu makadirio ya umeme wa maji yanapokosewa, pengo linalotokea huwa linatafutiwa mtu wa kulijaza. Mara nyingi mtu huyo ni mkulima au mfugaji wa juu ya mto.

Tulikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Taifa ilitokana na maji. Mtera ilikuwa na megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180, Pangani 68, na Hale 21, pamoja na kile kituo kidogo cha Nyumba ya Mungu. Jumla yake ilikuwa megawati zipatazo 560. Kwenye karatasi zilitosha.

Kisha mvua za msimu wa 2005/06 zikagoma. Bwawa la Mtera likashuka, na mwaka 2006 mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha. Viwanda vilifanya kazi kwa zamu, saluni zilinunua jenereta, na mashine za kusaga na kukoboa zikasimama. Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dharura kwa haraka, na sote tunakumbuka jinsi mkataba wa Richmond ulivyoishia Februari 2008 kwa Waziri Mkuu, Edward Lowassa, kujiuzulu. Makadirio mabaya ya maji yaliangusha Serikali nzima, kwa kuwa haraka ile ya kukodi isingekuwapo kama tungejua mapema kiasi cha uniti tulichokuwa nacho bwawani.

Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, mitambo ya maji ilizimwa kwa sababu mabwawa yalikuwa yameshuka mno. Tuliokolewa na gesi, kwanza ile ya Songo Songo iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2004, halafu ya Mtwara iliyofika Dar es Salaam kwa bomba mwaka huo huo wa 2015. Kufikia hapo sehemu kubwa ya umeme wetu ilikuwa imehamia kwenye gesi.

Wakati huo huo, mipango iliendelea kuandikwa kwa eka. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa tuliambiwa tutafika megawati 2,780 ifikapo mwaka 2015/16. Tulifika 2016 tukiwa na karibu 1,500. Mkakati wa mageuzi ya sekta ya umeme wa mwaka 2014 ukaweka lengo la megawati zisizopungua 10,000 ifikapo 2025. Mwaka 2025 tulikuwa na zipatazo 4,000.

Sitaji tarakimu hizi kwa nia ya kumsuta mtu. Kukosea makadirio si dhambi, na sisi wa kilimo tunakosea kila msimu. Ila sisi tukikosea huwa tunarudi kuuliza tulikosea wapi: ni mvua, mbegu, au viwavi jeshi? Makadirio ya umeme yakikosewa, hutangazwa mengine makubwa zaidi.

Bwawa kubwa na swali lake

Leo picha imebadilika kwa sababu ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, ujenzi ukazinduliwa Julai 2019, na bwawa likaanza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika. Kila mmoja una megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Maji yanayoweza kuhifadhiwa pale ni mita za ujazo zaidi ya bilioni 30, karibu mara kumi ya yale ya Mtera.

Hii ni kazi kubwa na ya kujivunia. Mgawo uliotusumbua mwishoni mwa 2023 uliisha mitambo hiyo ilipoanza kuzunguka na mvua zilipokuja. Hatukukaa muda mrefu kabla ya kusikia habari ambayo hatukuwahi kuizoea: TANESCO ilizima baadhi ya vituo vya maji mwaka 2024 kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji.

Sasa tuhesabu magunia. Mitambo ya megawati 2,115 ikizunguka usiku na mchana kwa mwaka mzima bila kupumzika ingetoa uniti zipatazo bilioni 18.5. Lakini makadirio yaliyotangazwa ya uzalishaji wa bwawa hilo kwa mwaka ni uniti zipatazo bilioni 6, yaani theluthi moja tu. Hakuna udanganyifu hapo. Ndivyo ilivyo kwa mabwawa mengi, kwa sababu mto hauna maji ya kuzungusha mitambo yote kila saa, na mitambo mingine imewekwa kwa ajili ya saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha taa. Shamba ni kubwa, lakini mbegu, yaani maji, inatosha theluthi.

Tena hizo bilioni 6 ni wastani. Mwaka mzuri zitazidi, mwaka mbaya zitapungua. Zitapungua kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo kila mpango wa umeme ungepaswa kulijibu katika ukurasa wa kwanza, na ndilo ambalo mwananchi wa kawaida hajawahi kusomewa jibu lake.

Kikapu kimoja cha mayai

Kuna jambo jingine linalojificha nyuma ya megawati. Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Nyerere, vyote vinne vipo katika bonde moja la mto Rufiji. Jumla yake ni megawati 2,579, zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo yote iliyo kwenye gridi ya Taifa. Bonde hilo ni karibu moja ya tano ya eneo la nchi yetu, na sehemu yake kubwa ya juu hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msimu huo ukiharibika, hakuna vuli nyingine ya kusubiri.

Msimu huo huo ndio unaolima mahindi ya Iringa na Njombe na mpunga wa Mbarali na Kilombero. Hii ina maana kwamba mwaka wa uhaba wa umeme una uwezekano mkubwa wa kuwa pia mwaka wa uhaba wa chakula. Ndivyo ilivyokuwa 2006, wakati wilaya nyingi zilipokuwa zikisubiri mahindi ya msaada huku miji ikiwa gizani. Nchi inahitaji fedha za kununua chakula nje na fedha za kununua mafuta ya jenereta kwa wakati mmoja, na mkoba ni ule ule.

Majirani zetu wa Zambia wameyaona haya karibuni. Februari 2024 nchi hiyo ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mahindi yaliungua shambani, na maji ya Kariba yakashuka hadi wananchi wakakaa gizani kwa sehemu kubwa ya siku. Kariba ni bwawa kubwa kuliko hili letu mara kadhaa. Ukubwa wa bwawa hununua muda, mwaka mmoja au miwili. Hauleti mvua.

Na wataalamu wa tabianchi hawatupi jibu moja. Mifano yao ya kompyuta inakubaliana kwamba joto litapanda, na joto likipanda maji mengi zaidi yatapotea kwa mvuke bwawani na mashambani. Kuhusu mvua katika nyanda za juu kusini, mifano mingine inasema itaongezeka na mingine inasema itapungua. Kwa hali hiyo, mtu anayekupa tarakimu moja ya uniti za mwaka 2040 anakupa matumaini yake.

Nani anakunywa maji ya umeme?

Hapa ndipo wakulima wanapoingia, na ninaomba msomaji anifuate kwa hesabu ndogo.

Mita moja ya ujazo ya maji, yaani madumu 50 ya lita 20, ikianguka kutoka kimo cha mita 100 hadi kwenye mtambo hutoa takriban robo ya uniti. Maji ya Ruaha Mkuu hupita Mtera, kisha Kidatu penye kimo cha mita zipatazo 175, kisha huingia Rufiji na kupita kwenye mitambo ya Nyerere. Kwa kukadiria, hayo madumu 50 yakipita vituo vyote vitatu yametoa karibu uniti moja, tuseme tisa ya kumi.

Tuseme eka moja ya mpunga inakunywa mita za ujazo 4,000 kwa msimu. Maji hayo yangetoa uniti zipatazo 3,600. Tukiipa uniti thamani ya shilingi 200, hizo ni shilingi 720,000. Upande wa pili, eka hiyo ikitoa tani moja na nusu ya mpunga, na kilo ikauzwa shilingi 1,000, tunapata shilingi milioni 1.5. Toa nusu kwa gharama za kulima, mbolea, vibarua na kuvuna, inabaki kama 750,000. Hesabu zinakaribiana sana. Bei ya mchele ikipanda kidogo mkulima anashinda, ikishuka TANESCO inashinda.

Bila shaka tarakimu hizo za bei na mavuno ni za mfano, na kila mtu anaweza kuweka zake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hakuna msingi wa kiuchumi wa kudhani kwamba maji yaliyoingia kwenye majaruba yamepotea bure. Yameleta mchele. Hoja ya kweli ni wakati gani na mahali gani maji hayo yana thamani zaidi.

Machi ya mwaka wa mvua nyingi, bwawa likiwa limejaa na maji yakimwagwa, mita ya ujazo moja ya ziada haina thamani yoyote kwa umeme. Heri iende kwenye jaruba. Lakini katika msimu ambao mvua zimechelewa na Mtera inaelekea mita 690 juu ya usawa wa bahari, ambazo ndizo kiwango chake cha chini cha uzalishaji, mita ile ile ya ujazo inaokoa mafuta mazito ya jenereta ya kukodi. Thamani yake inaweza kupanda mara kadhaa. Maji ni yale yale, bei ni tofauti kama bei ya mahindi ya Julai na ya Februari.

Lawama zilizotangulia ushahidi

Katika miaka ya 1990 Mtera ilipokauka, kidole kilielekezwa Usangu. Ikasemwa wakulima wa mpunga na wafugaji wamemaliza maji ya Taifa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde hilo na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba vijiji vitano vya Mbarali na vitongoji kadhaa vinatakiwa kuondoka.

Lakini watafiti waliochunguza suala hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuja na picha tofauti. Uchambuzi wao wa mabwawa ya Mtera na Kidatu ulionyesha kwamba uhaba wa kuanzia 1991 hadi 1994 ulichangiwa sana na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, ikiwa ni pamoja na maji yaliyoachiwa bila sababu ya lazima.

Ikumbukwe pia kwamba matatizo mawili tofauti yamekuwa yakichanganywa. Maji ya kiangazi ya Usangu hupitia kwanza katika ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ikishuka chini ya kizingiti cha mwamba kilichopo pale yanapotokea, hakuna kinachokwenda mbele, na ndiyo maana tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Hilo ni janga la kweli kwa viboko, kwa utalii, na kwa watu wa kando ya mto. Lakini Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika. Mkulima wa vitunguu anayefungua banio lake Septemba anaweza kuwa amemkosea kiboko, lakini hajazima taa za Dar es Salaam.

Kwa upande wa Bwawa la Nyerere, mto unaolilisha zaidi ni Kilombero, unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kilombero ndiko kwenye mashamba makubwa ya miwa na mpunga, na ndiko ambako mipango ya umwagiliaji imeelekezwa tangu SAGCOT ilipozinduliwa. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na umwagiliaji ukapewa kipaumbele. Ni jambo jema ambalo wachumi kilimo tumelililia miaka mingi. Lakini kila banio jipya Kilombero linakunywa maji ambayo mpango wa umeme umekwisha kuyahesabu kama uniti. Wizara moja inapanda mpunga katika maji, nyingine imeyauza maji hayo kama umeme. Mwaka mzuri hakuna atakayegundua. Mwaka mbaya tutagundua sote siku moja.

Tusiwasahau walio chini ya bwawa. Warufiji kwa vizazi wamelima mlau, yaani mazao yanayopandwa kwenye udongo wenye unyevu mara mto unaporudi ndani ya kingo zake. Wanahitaji maji yaje na yaondoke kwa wakati. Mwaka 2024 mvua zilipozidi na maji yakaachiwa, mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti vilizama. Kwa mtu wa huko, makadirio mazuri ya bwawa si habari ya uniti tu. Ni habari ya kujua wiki mbili mapema kama apande au ahame.

Mihogo ya umeme

Mkulima mwenye busara wa Dodoma au Singida hapandi mahindi peke yake. Hupanda mtama au mihogo pembeni. Mihogo haina bei ya kutisha sokoni, lakini mwaka ambao mahindi yamekauka, mihogo ndiyo inayolisha watoto. Thamani yake haionekani katika mwaka mzuri.

Katika umeme tunayo mihogo yetu, na bado hatujaipanda vya kutosha. Mwaka wa ukame ni mwaka wa jua kali, na upepo wa Singida na Makambako huvuma vizuri katika miezi ya kiangazi, wakati mabwawa yanashuka. Mradi wa jua wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ulisainiwa mwaka 2023 ukianza na megawati 50. Umeme wa upepo wa Singida umezungumzwa tangu miaka ya 2000, lakini mashine za kwanza za upepo kuingia kwenye gridi zilikuwa ndogo za Mufindi, za megawati 2.4. Jotoardhi ililengwa kufikia megawati 200 ifikapo 2025, na mwaka huo ulifika bila megawati hata moja kwenye gridi. Wenzetu wa Kenya, walio katika bonde la ufa hilo hilo, walianza Olkaria mwaka 1981, na leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wao unatoka ardhini. Mvua inyeshe isinyeshe, mvuke wa Olkaria unapanda.

Tukilinganisha kwa megawati, Kishapu yenye 50 ni kitu kidogo mbele ya 2,115. Tukilinganisha kwa uniti za mwaka mbaya, inaanza kuwa na uzito. Tena jua na bwawa vinasaidiana: uniti inayotoka kwenye jua saa sita mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya saa mbili usiku. Bwawa la Nyerere, kwa ukubwa wake, ndilo ghala bora tulilonalo la kutunzia umeme wa jua. Mabonde mengine nayo yahesabiwe, kama Malagarasi ya Kigoma yenye megawati 49.5, ambayo hailishwi na mito ya Rufiji.

Mahali nako ni sehemu ya mavuno. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme wa kusini hupotea sana njiani. Wengine walishangaa: tuna ziada, tunanunuaje? Mfanyabiashara wa mahindi hakushangaa. Sumbawanga ikiwa na ziada na Arusha ikiwa na njaa, nauli ya lori ndiyo inayoamua.

Nini kifanyike

Kwanza, kila mpango wa umeme utoe tarakimu tatu badala ya moja: uniti za mwaka mzuri, za mwaka wa kawaida, na za mwaka mbaya. Ahadi kwa viwanda na kwa nchi za nje zifungwe kwa kutumia ile ya tatu.

Pili, tuige tunachofanya kwenye chakula. Wizara ya Kilimo hutoa kila mwaka makadirio ya mavuno na kiwango cha utoshelevu, na wilaya zenye upungufu hujulikana mapema. Kila Mei, mvua zikishaisha, maji yaliyomo Mtera na Nyerere ni kama magunia yaliyokwisha kuingia ghalani. Yanaweza kuhesabiwa na kutangazwa: tuna uniti hizi za kutufikisha Desemba. Kwa taarifa hiyo tungeweza kupanga gesi na matengenezo kwa utulivu, bila kukimbilia mitambo ya kukodi Oktoba.

Tatu, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, TANESCO na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji wahesabu maji kwenye daftari moja. Kila skimu mpya ya umwagiliaji ionyeshe imepunguza uniti ngapi, na kila mtambo mpya uonyeshe umechukua maji ya majaruba mangapi. Halafu Taifa lichague kwa kujua.

Nne, na hili najua litabishaniwa: mwaka ambao mvua zimegoma na maji ya juu yanahitajika kwa umeme, wakulima walipwe kuyaacha yapite. Ikiwa uniti ya mafuta inagharimu mara kadhaa ya uniti ya maji, basi kumlipa mkulima wa Mbarali au Ifakara asipande nusu ya majaruba yake msimu mmoja ni nafuu kwa TANESCO, na yeye anabaki na fedha ya kununua chakula na kusomesha. Ni biashara kati ya watu wawili wanaoheshimiana. Njia tuliyoizoea, ya kumwondoa kijijini kwa tangazo, imetugharimu sana na haijaongeza maji kwenye mto.

Januari 2025, katika mkutano wa nishati wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam, nchi yetu iliahidi kufikisha umeme kwa Watanzania wengi zaidi ifikapo 2030. Mkakati wa nishati safi ya kupikia nao unataka asilimia 80 ya wananchi waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na baadhi yao watahamia kwenye majiko ya umeme. Mahitaji yatapanda haraka, na ziada tunayoiona leo haitadumu.

Tunayo basi miaka michache ya ghala kujaa. Mkulima wa Igurusi anajua kwamba huo ndio wakati wa kupiga hesabu za mwaka mbaya, kwa sababu njaa ikishaingia hakuna mwenye utulivu wa kuhesabu. Akiba haiozi, lakini lazima kwanza ujue una kiasi gani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.